Gari Lililoelekea Kasulu

Gari linaloweza kurudi nyuma linashindwaje kwenda mbele?

Nilimuuliza mama swali hilo asubuhi moja kando ya barabara ya Kibondo kwenda Kasulu. Alikuwa bado amekaa kwenye usukani, na matairi ya nyuma ya gari lake yalikuwa yamezama mtaroni. Sikuuliza ili nijibiwe. Niliuliza kama mtu aliyekwisha kutoa hukumu. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka mmoja tu nyuma, sina kazi, na kitu pekee nilichokuwa nacho cha kujivunia ni kwamba siamini jambo kabla sijalihoji.

Mama hakugeuka. Alinitazama kupitia kioo kidogo cha juu, akasema, "Sijui, mwanangu. Mimi ni nesi."

Alikuwa nesi kweli, kwa miaka zaidi ya thelathini. Serikali ilimleta huku akiwa msichana, kutoka kusini, hajui hata neno moja la Kiha. Alipostaafu kila mtu alitegemea atarudi kwao, lakini alijenga hapa, kwenye kituo kidogo cha biashara nje ya mji wa Kibondo: maduka sita, mashine ya kusaga, msikiti, makanisa mawili. Kiinua mgongo kilichobaki akanunulia gari, otomatiki kuukuu lenye milango mitano na rangi ya majivu. Watu walidhani ni fahari ya mstaafu. Mimi nilijua sababu yake, maana niliisikia tangu utotoni. Kazini alikuwa amepokea wanawake wengi mno walioletwa juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli, wamefungwa kwa kanga wasianguke, wengine wakiwa wamechelewa kwa nusu saa tu. "Nikistaafu," alikuwa akisema, "pale nitakapoishi hakuna atakayechelewa kwa kukosa gari."

Gari lenyewe halikujua ahadi hiyo.

Mama aliendesha kituoni na mjini Kibondo tu. Safari za Kasulu alimwachia dereva wa kukodi, mtu mwembamba wa Rungwe Mpya aliyewahi kuendesha malori ya maharage. Yeye ndiye aliyenifundisha udereva. Nakumbuka mlima wa kwanza aliouita darasa. Tulifika kileleni, ukungu ukiwa bado mabondeni, lami inashuka mbele yetu kama utepe mweusi uliodondoshwa.

"Haya, toa gia. Weka fri."

"Lakini hili ni otomatiki."

"Otomatiki si gari? Mlima haujui otomatiki." Akasogeza mwenyewe mkono wa gia. Injini ikanyamaza karibu kabisa, na gari likaanza kuteremka kwa uzito wake, kasi ikipanda. "Msomi, sikiliza. Huku kwetu mafuta tunanunua ya kupandia tu. Kushuka kalipa Mungu."

Chini, kabla ya daraja, akarudisha gia. Gari lilishtuka, kama mtu aliyeota anaanguka.

"Umesikia? Kaamka," akasema, akacheka.

Dereva yule nilimhoji kila kitu. Kwa nini anafunga kitambaa chekundu kwenye kioo, kwa nini hampakii mtu anayebeba kinyonga, kwa nini anaamini mahubiri ya redioni. Tulibishana hadi akaniita mwendesha mashtaka. Ila fri sikuihoji. Ilikuwa raha. Ule ukimya wa kuteremka, upepo tu na matairi, ulinipa hisia kwamba nimeipunja dunia kitu fulani nayo haijagundua.

Giaboksi ya kwanza ilianza kwa kusitasita. Ukiweka gia, unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo gari linashika. Baadaye likawa linatetemeka kwenye milima. Hatimaye, upande wa Nyakitonto, injini ikalia kwa nguvu na gari likasimama hapo hapo lilipo, mlima mrefu mbele na watoto wa shule wakitupungia mikono.

Likavutwa hadi Kasulu, kwa fundi aliyejulikana kuliko wote. Alikuwa amejifunza ufundi kwa Wakongo, kwenye malori ya kambi ya wakimbizi, na mpaka leo gia haiti gia, anaita vitesi. "Vitesi zimekufa, mama," alimwambia mama kwa upole wa daktari. Giaboksi iliyotumika ikaagizwa Dar es Salaam, ikaja kwa basi ndani ya gunia. Mama aliilipia kwa maharage ya msimu mzima.

Ilidumu miezi michache. Ikaanza kuhesabu tena: moja, mbili, tatu.

Nafikiri mtu ambaye hajawahi kumiliki gari bovu hajui uchovu wa aina ile. Si gharama peke yake. Ni kwamba kila fundi ana ugonjwa wake. Wa Kibondo alisema ni mafuta ya gia, yamwagwe yote. Mwingine akasema chujio. Wa tatu alichomeka kimashine chake chini ya usukani, akasoma namba, akasema kompyuta ya gari imechanganyikiwa. Kila mmoja alipona yeye mfukoni, gari likabaki linaumwa. Na kati ya fundi na fundi, mama alikuwa anakaa barazani akilitazama kama alivyokuwa akiwatazama wagonjwa wa wodini, bila kupepesa.

Watu walikuwa na maelezo yao. Mtaani ilisemwa kwamba aliyekuwa nalo kabla yetu alifia ndani yake. Hakuna aliyejua ni nani wala wapi. Nilicheka, nikataka ushahidi, sikupewa.

Jirani yetu wa karibu alikuwa mwenye duka, mtu wa Tanga aliyefuata biashara huku bara, na mkewe naye wa huko huko. Mkewe nilimwita mama mdogo, ingawa hatukuwa na udugu. Alikuwa na ulimi mtamu na mchungu kwa pamoja. Siku moja nilienda kununua sabuni, akaniambia mbele ya wateja:

"Msomi, nauliza. Lile gari ni la mama yako au la fundi?"

"La mama."

"Hasha. La fundi hilo. Mama yako analilea tu, kama mjukuu." Watu wakacheka. Akaniinamia, sasa kwa sauti ya siri. "Mwanangu, lina mtu lile. Mwambie nesi nitamwandikishia kombe, maji ya aya, aoshee usukani. Hasara gani?"

"Mama mdogo, chuma hakina masikio ya kusikia dua."

"Na wewe una masikio, mbona husikii?"

Alikuwa mjamzito wakati huo, wa mimba ya nne, na miguu imemvimba. Mama alimpima kila wiki barazani kwetu. Nilimsikia kwa masikio yangu haya akimwambia, "Usihangaike na mtu. Siku ikifika, gari lipo."

Ndiyo maana giaboksi ya tatu ilinunuliwa. Mama aliuza miti yake yote ya mbao, mingine ikiwa bado michanga. Dereva tukamwacha, kwa kuwa mama alimshuku, ingawa hakujua anamshuku nini. Mimi nilikuwa nyumbani, leseni ninayo. Nikawa dereva.

Fundi wa Kasulu alipotukabidhi gari aliniambia lisikimbizwe likiwa baridi, nipime mafuta ya gia injini ikiwa inanguruma, nisipakie mizigo mizito. Nikaandika yote kwenye simu. Kwa miezi miwili nilifanya hivyo kwa uaminifu wa mwanafunzi bora. Na kila nilipofika kileleni, niliweka fri.

Jumamosi kabla ya asubuhi ile nilitoka Kasulu peke yangu, nimebeba mabati ya jirani. Nilikuwa na furaha isiyo na sababu. Kila mteremko niliuachia gari, mingine kwa kasi iliyonifanya niimbe, na kila bonde nilirudisha gia, nalo likashtuka. Nilifika nyumbani nikamwita mama aje aone mshale wa mafuta.

"Tazama. Kama sijaenda kokote."

"Umeendeshaje?"

"Kama dereva wako wa Rungwe Mpya. Bila kelele zake."

Alinipiga kibao chepesi begani. Alifurahi. Jumatatu alikuwa na miadi Kasulu, suala la karatasi zake za pensheni ambalo lilikuwa limemzungusha mwaka mzima, na kituo kizima kilijua anaenda.

Jumatatu alfajiri ilinyesha. Mwenye duka alikuja akiwa pekupeku, salamu ya Kiha ikimtoka kwa mazoea.

"Mwakeye, nesi. Ni yeye. Damu."

Mama alichukua glavu zake akatoka. Baada ya dakika chache alirudi mbio. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia. Aliniambia niende kumwamsha kijana wa bodaboda, kwa tahadhari tu, kwani gari la wagonjwa la kituo cha afya lilikuwa limepelekwa kata nyingine. Nilipokuwa napita getini nilisikia gari likiwaka. Kisha nikasikia injini ikilia, ikilia, sauti ikipanda kama ya mtu anayepandisha mlima, na gari halikutoka bandani.

Niliporudi na pikipiki mama alikuwa amesimama mvua ikimpiga. "Halina gia," alimwambia mwenye duka. "Halitembei, baba. Mpande pikipiki. Mwende sasa hivi, msinisubiri."

Mama mdogo akapakiwa katikati, kati ya kijana na mumewe, amefungwa kwa kanga asianguke. Nilimwona mama akiutazama ule mkao. Sikuelewa wakati ule alikuwa anaona nini. Mama mdogo hakulia. Alimtazama mama, akasema tu, "Nesi. Si ulisema lipo."

Wakaondoka. Mama akanituma dukani nikakae na watoto wao watatu. Nikawapikia uji. Kati ya saa moja na saa mbili, mtu wa mashine ya kusaga akapita dirishani akiita, "We binti! Mama yako katumbukia mtaroni!"

Ndipo nilipolikuta. Gari lilikuwa limevuka geti, limepanda kichochoro, limeingia barabarani, limekwenda hadi mbele ya mashine, hatua kama mia nne kutoka nyumbani. Lilikuwa zima, limewashwa, linanguruma taratibu. Pua yake ilielekea Kasulu.

Watu walikuwa wamesimama chini ya mabati ya mashine. Hakuna aliyemsogelea.

"Mama, umesema halitembei."

"Haliendi mbele. Linarudi nyuma tu."

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kibondo. Kuwafuata."

"Kwa rivasi? Kilomita zote hizo?"

"Pikipiki ingeweza kukwama. Nilifikiri ningewakuta njiani." Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. "Shingo ilichoka. Sikuuona mtaro."

Ndipo nikauliza swali langu, kwa sauti ambayo watu wote wa mashine waliisikia. Akajibu alivyojibu.

Mtoto alikuwa amekwisha kufa walipofika hospitali. Mama mdogo alipona, kwa maana ya hospitali ya neno hilo.

Maneno hayakuhitaji mtu wa kuyasukuma. Nesi alikuwa na miadi Kasulu. Nesi alisema gari halitembei. Gari likakutwa barabarani, linanguruma, limeelekea Kasulu. Mama alieleza kwa wachache waliomuuliza uso kwa uso, nao wakaitikia kwa heshima, na nyuma yake wakacheka: gia ya kichawi hiyo, irudi nyuma isiende mbele. Mimi sikucheka. Nilifanya jambo baya zaidi, nilifikiri. Injini ni moja, nilijiambia. Nguvu inayolisukuma gari zima nyuma haiwezi kushindwa kulisukuma mbele. Nilikuwa na simu mkononi. Ningeweza kutafuta jibu kwa dakika tano. Nilihoji Mungu, nilihoji serikali, nilihoji wazee wa kanisa, na hilo moja sikulitafuta, kwa sababu nilidhani ninalijua.

Mwezi uliofuata nilipata kazi ya mkataba Kigoma mjini, nikaondoka. Niliporudi likizo, gari lilikuwa bandani, limefunikwa turubai. Mama alisema fundi alikuja kwa basi kulitazama, akasema ni uzee, haliwezekani. Sikuuliza zaidi. Naye hakueleza zaidi, na hilo nikaliongeza kwenye ushahidi wangu: mtu asiye na hatia angeendelea kujitetea. Mama aliacha kujitetea ghafla kabisa, kama mtu aliyefunga bomba.

Miaka ikapita hivyo. Dukani aliendelea kununua chumvi na kiberiti, na mama mdogo aliendelea kumuuzia, wakisalimiana kama watu wa ofisini. Mama hakumpima tena mjamzito yeyote, hakuna aliyekuja. Na mimi kila nilipolala nyumbani niliamshwa alfajiri na ile sauti, injini inalia na kupanda na haiendi popote. Nilitoka nje mara mbili kuangalia. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Betri ilikwisha kuuzwa zamani. Nilirudi ndani nikajieleza kisayansi kuhusu usingizi na kumbukumbu, na maelezo yalikuwa mazuri, na kesho yake nikaisikia tena.

Mara moja, tukichambua maharage, nilikaribia kumuuliza. Nilisema, "Mama, ile Jumatatu..." Aliinua macho, na nikaona hofu. Nilidhani ni hofu ya mtu anayekaribia kukamatwa. Nikamwonea huruma, nikabadilisha mazungumzo. Aliniangalia kwa shukrani, hata nikaona aibu.

Alikufa kwa presha, haraka, hana siku tatu hospitali. Mama mdogo alikuja msibani akaosha masufuria siku zote tatu, hakukaa na wanawake wengine. Siku ya kutawanyika alinishika mkono akasema, "Mwanangu, mimi nilikwisha samehe." Baadaye wakauza duka wakarudi Tanga. Nilipokea msamaha ule kwa niaba ya mama. Nilimshukuru.

Mwaka jana niliamua kuuza nyumba. Nilimpigia fundi wa Kasulu anunue gari kama spea, akaja na lori, tukalipakia, nami nikapanda kwa kuwa nilikuwa na shughuli mjini. Tulipofika kilele cha kwanza, dereva wa lori akatoa gia. Ule ukimya ukaingia. Upepo na matairi.

Gerejini fundi alilifungua siku ile ile, kutafuta kinachouzika. Alimwaga mafuta ya gia kwenye beseni, yakatoka meusi, yananuka kama ugali ulioungua. Akatia vidole, akanionyesha vipande vidogo kama maganda ya mbegu.

"Klachi ya kwenda mbele hii. Imeungua yote. Ya nyuma, tazama, mpya."

"Ni mbili?"

"Vitesi ya mbele ina klachi yake, ya nyuma ina yake. Hii inaweza kufa, ile ikabaki hai. Gari linarudi nyuma vizuri, mbele hata hatua." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesema jambo dogo.

Nikauliza kinachoiunguza ni nini.

"Kuachia fri kwenye miteremko. Lori halijali. Otomatiki, ukirudisha gia gari likiwa na kasi, klachi inadaka uzito wote kwa mpigo. Kila bonde unaipiga kofi. Wenye magari wote huku tunayaua hivyo, halafu tunamsingizia muuza spea. Hata mimi sikujua mpaka hili hili lilipokufa mara ya tatu. Nilipokwenda kwenu nikamwaga mafuta kidogo, nikaona mabaki, nikapiga simu Dar kwa mzee mmoja wa giaboksi, ndiye akanieleza."

Nilikaa kwenye tairi. Nilijiona Jumamosi ile, naimba.

"Ulimwambia mama?"

Fundi akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Nilimwambia pale pale. Akaniuliza, una hakika? Nikasema nina hakika. Akaniuliza nani aliendesha mwisho, kama vile mimi ndiye ningejua. Halafu akanilipa nauli, akasema, 'Baba, binti yangu akikuuliza, mwambie ni uzee.'"